Kibati Kilichokufa

Mlandege, Iringa

Yusta mwanangu,

Kibati changu hakikuibiwa. Naanza na hilo kwa sababu nikizungukazunguka nitachoka kabla ya kufika, na siku hizi nachoka hata kwa kufunga vifungo vya shati. Tangu ulipokuwa darasa la nne nimekuambia wewe, na kila aliyetaka kusikia, kwamba Ambokile, karani wa ghala la ushirika, aliiba kibati changu, akajichukulia mbolea kwa jina langu, na mwisho akaumbuka. Umekua na hadithi hiyo. Katika hadithi yote, ukweli ni mmoja tu: kwamba aliumbuka.

Habari za sweta, za baridi ya Mbeya, za vyakula vya njiani na za wanaume, shangazi yako Salome ameshakupa zote, nami nimemsikia kupitia ukutani. Sina la kuongeza. Mabegi yako yako mlangoni, basi linaondoka alfajiri, na mimi nina jambo nisiloweza kulisema tukiwa tunatazamana. Ungenitazama kama marehemu mama yako alivyokuwa akinitazama, nami ningeanza kuzungumzia mvua.

Kilichonisukuma kuandika ni maneno yako ya juzi mezani. Ulisema, "Baba, unajua mtoto wa Ambokile analima kule Mbeya? Anaitwa Gwamaka. Kila msimu anaomba mbolea ya mkopo kwenye ghala lile lile la Mwanjelwa nitakapokaa mimi, na kila msimu wanamkatalia kwa sababu ya jina la baba yake."

Nikakuuliza nani kakuambia. Ukasema mwenzako wa kozi ya ukarani, anayetoka Ilomba, jirani yao kabisa.

Kisha ukaweka kijiko chini. "Acha aje. Nitamjua tu. Fomu yake nitaikunja niiweke chini ya mguu wa meza, meza isiyumbe."

Nilicheka, Yusta. Nilicheka mpaka kifua kikanibana na shangazi yako akaja mbio na kikombe cha maji. Ulidhani nacheka mzaha wako. Nilikuwa nacheka kwa raha. Mtu ambaye daktari ameacha kumwambia arudi lini, mtu anayehesabiwa uji kwa vijiko, nilikuwa nimepata nafasi ya kumpiga Ambokile teke jingine, safari hii kwa mguu wako ulio mzima.

Ili nitulie, ukaanza kusimulia tena ile safari yako ya mkokoteni wa ng'ombe, ulipokuwa mdogo, nilipokutuma upeleke mzigo wa shangazi kule Kalenga. Ulivyokaa juu kabisa ya mzigo kama mke wa chifu. Yule baba mwenye miwani aliyekupa andazi la moto akakunyanyua kukupandisha. Ulivyowaimbia ng'ombe njia nzima mpaka mwenye mkokoteni akakuomba unyamaze, maana walikuwa wanasimama kukusikiliza. Shangazi alicheka kama kawaida. Mimi niliacha kucheka. Nadhani hukuona.

Sasa nisikilize. Wewe unakwenda kukaa nyuma ya dirisha la kutolea mikopo, kwa hiyo utanielewa kuliko shangazi yako angenielewa.

Enzi za chama chetu kila mwanachama alikuwa na kibati: kipande cha bati kisichozidi kiganja cha mtoto, namba imetobolewa kwa msumari, na tundu la kupitishia kamba. Ukifika dirishani unakitoa, unapewa mbegu na mbolea ya chumvichumvi, unaondoka. Utalipa mahindi yakishauzwa. Karani alitazama namba, na nyuma ya namba lilikuwepo jina lako lote: misimu uliyolipa, msimu uliochelewa, kama ni mtu wa maneno au wa vitendo. Changu kilikuwa namba mia mbili na tatu.

Kikipotea au kikiibiwa, unakwenda kutoa taarifa. Namba yako inaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa namba zilizokufa, pembeni ya dirisha, na unapewa kibati kipya chenye namba nyingine. Wakulima wengi waliogopa hapo. Walidhani namba mpya ni kuanza upya, kwamba misimu kumi ya kulipa vizuri imekufa pamoja na bati. Wengine waliibiwa wakakaa kimya kwa woga huo, na ukimya ndio uliowaumiza. Kwa kweli hakuna kilichopotea. Katibu aliandika mbele ya namba mpya maneno matatu, "ni yule yule", na sifa yako yote ikahamia huko, nzuri na mbaya. Alichochukua mwizi kabla hujatoa taarifa, mlibishana wewe na chama. Alichochukua baada ya taarifa hakikukuhusu hata kidogo. Kilikuwa juu ya karani aliyetoa mzigo bila kutazama ubao.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mimi niliisoma mara nyingi sana mwaka ule.

Ambokile alikuwa kijana wa Kinyakyusa, mcheshi, aliyeletwa Iringa kufanya kazi ya ukarani. Watu walimpenda. Kabla hata hajakupimia mbegu alishakuchekesha. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, nina shamba langu la mahindi, na msimu mmoja, ule aliougua mama yako, nilichelewa kumaliza deni. Nilikwenda dirishani nikijua kwamba mtu wa hadhi yangu atasitiriwa. Jumamosi, watu wamejaa, wazazi wa wanafunzi wangu nyuma yangu kwenye foleni.

"Kamwene, Mwalimu," akanisalimia kwa Kihehe chake cha kuungaunga.

"Kamwene. Nipe mifuko yangu, nina haraka."

Akatazama namba, akatazama kitabu, akatabasamu. "Mwalimu, deni la mwaka jana bado lipo."

"Nalijua. Nitalipa yote pamoja."

"Hapana, Mwalimu wangu. Huku hatupandishi darasa kwa huruma. Umefeli, rudia."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja alishika nguzo asianguke. Naye Ambokile akacheka, akanyoosha mkono nje ya dirisha nimpigie, kama watani wanavyofanya. Sikumpigia. Niliondoka na mkono wake ukabaki unaning'inia pale.

Ungekuwa wewe ungesema ni mzaha tu. Mama yako alisema hivyo. Lakini mama yako hakusikia jioni ile watoto wakiniita kutoka nyuma ya ua, "Mwalimu Rudia!" Hakuingia darasani Jumatatu akakuta neno hilo ubaoni kwa mwandiko wa mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika chaki. Miaka ishirini ya kazi, heshima niliyoijenga kwa kutokunywa hadharani na kutokopa dukani, mtu aliikunja kwa maneno mawili akaitupa kwenye foleni. Nilimchukia, Yusta. Hata sasa ninapoandika jina lake kalamu inakandamiza karatasi. Usidhani kwamba kwa kuwa nakaribia kufa nimelainika.

Deni lile nililipa lote, nikauza baiskeli. Sikutaka tena mbolea. Nilitaka Ambokile asimame mbele ya watu kama nilivyosimama mimi, na asiwe na pa kuweka mkono wake.

Nilingoja msimu uliofuata. Ijumaa moja Ambokile alikuwa vijijini kukusanya madeni. Nikaenda kwa katibu, nikamwambia kibati changu kimeibiwa sokoni. Nilisema kwa sauti ya masikitiko, na katibu akanipa kiti. Namba mia mbili na tatu ikaandikwa kwenye ubao wa namba zilizokufa, nikapewa kibati kipya. "Usijali, Mwalimu," akasema, "jina lako halina doa. Ni yule yule." Kibati cha zamani kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nakipapasa wakati anasema.

Kesho yake, Jumamosi, Ambokile akiwa amerudi dirishani na watu wamejaa kama siku ile ya kicheko, kibati kile kilikwenda dirishani kikachukua mifuko sita. Hakutazama ubao. Kwa nini hakutazama, nitakuambia. Niache kwanza nimalize raha yangu, maana ilikuwa raha, na sitaki uipate kwa mtu mwingine ikiwa imepambwa.

Kamati ilikaa. Mimi niliitwa kama mtu aliyetendewa ubaya. Nilivaa koti langu la mahafali. Mwenyekiti akamuuliza Ambokile, "Ndugu karani, namba iliyokufa imechukua mifuko sita mikononi mwako. Nani aliyekuja nayo?"

Ambokile akanitazama. Kwa muda mrefu. Nilijiambia: sasa atasema, na nilikuwa na jibu langu tayari.

Akasema, "Watu walikuwa wengi, Mwenyekiti. Sikumbuki."

"Hukumbuki mtu aliyebeba mifuko sita?"

"Sikumbuki."

"Au ulijichukulia mwenyewe, ndugu?"

Akatoa funguo za ghala, akaziweka mezani. Basi ikaandikwa kwamba alichukua mwenyewe. Alitakiwa kuilipa, akafukuzwa kazi, na jina lake likaingia kwenye orodha ya watu wasiokopeshwa. Usiku ule nilikunywa ulanzi, mimi nisiyekunywa. Mama yako akaniuliza tunasherehekea nini. Nikamwambia haki.

Siku aliyoondoka nilikwenda stendi. Ndiyo, nilikwenda kutazama. Kitanda chake kilikuwa kinafungwa juu ya basi, mkewe ameshika kuku wawili, na mtoto wa kiume amekaa juu ya sufuria. Yule mtoto ndiye Gwamaka. Nilimkaribia Ambokile nikamwambia, taratibu, asikie yeye peke yake, "Karani, umefeli."

Hakukasirika. Hilo linanikera mpaka leo. Aliuliza tu, "Mwalimu, mtoto hajambo?"

Nikageuka nikaondoka.

Nilidhani nimeshiba. Lakini baada ya miezi kadhaa, katibu alinijia nyumbani na barua kutoka Mbeya. Ambokile alikuwa ameomba uanachama kwenye chama cha kwao, amepewa kibati kipya, namba mpya, na wenzetu wa huko wanauliza: huyu mtu tumwaminije? Katibu hakuwa hodari wa kuandika. Akaniomba nimsaidie, maana mwandiko wangu unajulikana. Nilikaa mezani na kuchagua maneno kama mtu anayechagua mbegu. Nikaandika kwamba kubadilika kwa namba kusiwadanganye. Ni yule yule. Maneno yale yale yaliyonisafisha mimi.

Waliotuambia kwamba kisasi ni kichungu hawajakionja. Ni kitamu, mwanangu, na utamu wake hauishi mdomoni. Miaka yote hii, nikipata homa, nikikosa usingizi, hata kwenye maziko ya mama yako wakati watu wanaimba, nilikuwa na kitu cha kumung'unya: Ambokile analima kwa jembe bila mbolea. Shida ni kwamba sikuwa na hamu ya kitu kingine. Mama yako alijaribu kunipikia, kunichekesha, kunipeleka kwaya. Alikuwa akiishi na mtu mwenye mdomo uliojaa. Alifariki bila kujua ni nini nilichokuwa nikila, na nadhani alidhani simpendi.

Hilo ndilo kosa langu ninalolilia. Ambokile simlilii. Nataka usinielewe vibaya: angeingia sasa hivi kupitia mlango huu, nisingempa mkono. Ningemtazama nione amezeeka kiasi gani, na ningetumaini amenizidi.

Lakini wewe nilikulisha. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja ukauliza kwa nini watoto wananiita Mwalimu Rudia, nikakupa jina la Ambokile kama mtu anavyompa mtoto pipi. Nilihakikisha unalijua jina, na nilihakikisha humjui mtu mwenyewe. Ukawa unaniuliza habari zake jioni, nami naongeza chumvi. Ulipochagua kozi ya ukarani, walimu wako walishangaa; ulikuwa na alama za kuwa muuguzi. Mimi sikushangaa. Na walipokupangia Mwanjelwa, kati ya maghala yote ya mikopo nchini, nilijifungia chumbani, nikamshukuru Mungu. Fikiria. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Chama chetu kimevunjwa, kama ujuavyo. Ofisi sasa ni stoo ya chumvi. Lakini majina ya wadaiwa hayakuvunjwa, yalihamishwa, na ndiyo maana Gwamaka anakataliwa kwa kosa la mtu aliyekuwa na kibati kabla yake. Wakubwa wako huko watakuonyesha jina hilo na kusema ndivyo tulivyolikuta. Wewe utajua limetoka wapi. Limetoka kwenye mwandiko huu unaousoma.

Nimeandika kwenye karatasi ya pili, kwa jina langu kamili na dole gumba, kwamba taarifa yangu ya kuibiwa ilikuwa ya uongo na kwamba Ambokile hakuchukua mfuko hata mmoja. Humo sikuandika mambo ya moyoni, ni mistari michache tu, ya ofisini. Ukiipeleka kwa mkuu wa ghala, jina la Ambokile linaweza kuondolewa kwenye orodha, na la kwetu likaingia. Utakuwa karani mgeni, binti wa mwongo, na hakuna atakayekupa kiti. Huenda wakakurudisha nyumbani kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Ukiichoma, hakuna atakayejua, na Gwamaka atakuja dirishani msimu huu kama misimu mingine, akiwa na kofia mkononi. Sikwambii ufanye lipi. Nimekuchagulia mambo ya kutosha.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeweka kalamu chini, nikaichukua tena. Shangazi yako amechungulia, akasema, "Kaka, lala, mtoto ataondoka hujapumzika." Nikamwambia bado kidogo. Naye pia hajui, maskini. Ile mbolea aliilimia mahindi yake akidhani ni zawadi kutoka kwangu.

Umeona sasa ninakokwenda.

Nilikuahidi kukueleza kwa nini Ambokile hakutazama ubao. Hakutazama kwa sababu aliyemletea kibati hakuwa mtu wa kushukiwa. Kwa sababu alimtambua mara moja, amefanana na mimi kipaji cha uso. Kwa sababu alidhani Mwalimu, baada ya mwaka mzima wa kununa, ameamua kumaliza ugomvi, na kwamba njia aliyochagua mtu mwenye kiburi kama mimi ni kumtumia mtoto wake. Alifurahi. Mjumbe wangu alirudi kutoka Kalenga siku iliyofuata, akanipa salamu zake neno kwa neno, pamoja na asante yake ya Kinyakyusa: "Mwambie baba, ndaga sana, amenifurahisha leo." Nilisema vizuri, nenda ukanawe miguu.

Na mbele ya kamati, alipokuwa ananitazama kwa muda mrefu, alikuwa ananipa nafasi niseme mimi. Sikusema. Angelitaja jina alilolijua, wangemwita mwenye jina, wangemsimamisha katikati ya ukumbi na kumuuliza kibati cha wizi alikitoa wapi. Akachagua kutokumbuka.

Yusta, yule baba mwenye miwani aliyekupa andazi na kukunyanyua juu ya mzigo ndiye Ambokile. Kile kitambaa chekundu nilichokufungia kwenye kiganja, nikakuambia ni cha shangazi, usikifungue, mpe karani tu, ndani yake mlikuwa na namba mia mbili na tatu. Hukukifungua. Ulikuwa mtoto msikivu. Mtu niliyemtuma kwa kibati kilichokufa ulikuwa wewe.